Daftari la Bi Mkasi

Mimi nina ugonjwa mmoja: kimbelembele. Nakiri mapema, usije ukanionea huruma bure.

Kazi yangu ni kutengeneza vitabu vilivyochakaa katika maktaba ya mji. Mwaka huu tukaandaa maonyesho ya watu waliovuma hapa kwa kukata na kubandika: mkunga aliyetunza picha ya kila mtoto aliyemzalisha, fundi cherehani aliyebandika kijipande cha kila gauni aliloshona, na shangazi yangu, Bi Mkasi, aliyekata magazeti na kuyabandika vitabuni miaka arobaini hadi majirani wakawa wanamletea ya kwao. Wale wawili walishafariki. Shangazi yu hai, na nilitaka asifiwe angali na macho ya kujionea.

Vitabu kumi na viwili alinipa bila maneno. Cha kumi na tatu alikikumbatia.

"Hiki nitakuja nacho mwenyewe."

"Ah, shangazi, acha mambo yako! Hicho ndicho cha kwanza kabisa!"

Nikambembeleza wiki nzima, nikamtania, nikamnunia. Mwishowe akakitoa. "Kitunze kama kilivyo, mwanangu."

"Kwani unaongea na nani?" nikamjibu, kichwa kimenivimba.

Lilikuwa daftari la shule. Kila kipande cha gazeti kilibandikwa ukingo wa juu tu, na chini yake kulikuwa na mwandiko wa mtoto, wa wino wa chupa: hesabu, imla, insha. Nikacheka. Zamani karatasi zilikuwa adimu, watu walibandika juu ya chochote, na shangazi naye alibania gundi! Nikafanya ninachofanya kila siku kazini. Gundi ya unga huachia kwenye maji ya uvuguvugu, basi nikachovya kurasa kwenye beseni, moja baada ya nyingine. Vipande vikabanduka bila kuchanika. Maji yakageuka bluu. Nikasema, huo uchafu wa miaka mingi, wacha utoke. Nikayamwaga, nikaweka mengine.

Siku ya maonyesho nikamleta shangazi kabla milango haijafunguliwa. Vipande vyake vilikuwa chini ya kioo, juu ya karatasi nyeupe, na "Bi Mkasi" kwa herufi kubwa. Alitabasamu mpaka nikajisikia kulia.

"Umenifanya mtu, mwanangu. Na daftari lenyewe?"

Nikamtolea, limekauka, safi. Akafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akausogeza mmoja dirishani. Akapitisha kidole juu ya karatasi tupu.

"Hapa aliandika insha juu yangu," akasema. "Kwamba mama yake ana mkasi mkali kuliko wa kinyozi. Mwalimu aliisoma darasa zima, ndipo watu wakaanza kuniita hivyo."

Shangazi aliwahi kuwa na binti, akafa kwa homa akiwa na miaka tisa, kabla mimi sijazaliwa. Kwetu hatajwi, na picha yake haipo hata moja. Nilijua hayo yote tangu utotoni, na nilipoinamia lile beseni hayakunijia hata kidogo.

"Kuuona mwandiko wake kila siku nilishindwa," akasema. "Kuutupa pia nilishindwa. Nikawa naufunika na gazeti. Nikizidiwa, nafunua, nasoma kidogo, nafunika."

Nililia kama mtoto. Nikamwomba msamaha, nikajitukana. Yeye hakulia. Alinipapasa bega, na laiti angenizaba kofi.

"Yale maji umeyaweka wapi?" akauliza.

"Nimeyamwaga."

"Yote?"

"Yote, shangazi."

Akatikisa kichwa taratibu, akalitia daftari mkobani. Milango ikafunguliwa, watu wakaingia wakimpigia makofi Bi Mkasi. Akawashukuru mmoja mmoja kwa mkono wa kulia. Wa kushoto hakuutoa ndani ya mkoba.