Bi Kipimo Mbele ya Darubini

Saa moja na robo asubuhi fundi alipanda ngazi ya darubini, sifongo nyeusi kwapani, akamkuta mama yake ameshasimama mbele ya kioo. Huo ulikuwa mwaka wa pili tangu mama azikwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa. Na hiyo sifongo iweke chini, imeshapigwa na jua."

Kazi yenyewe haikuwa na mambo mengi. Darubini ile ilisikiliza joto dogo lililobaki tangu ulimwengu uanze. Ili kujua inasikia vizuri kiasi gani, huwekewa kitu ambacho joto lake linajulikana, kama ile sifongo, kisha huachiwa mbingu, na tofauti huandikwa. Mama aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, hadi kituo kizima kikamwita Bi Kipimo. Sifongo hubadilika kila upepo ukivuma. Marehemu hana homa, hana jasho, hana pumzi. Fundi alichukua vipimo vitatu kwa mama, vikalingana hadi tarakimu ya mwisho, akacheka peke yake kwa furaha. Jamani, kifaa gani kimewahi kufanya hivyo?

Mkuu wa kituo alikuja, akamsalimia Bi Kipimo, akamuuliza kama angeweza kufika na Jumapili.

"Nitafika. Ila safari hii jina langu liandikwe kwenye ripoti. Kwenye zile tatu za nyuma mlinisahau."

"Hilo tu? Ondoa shaka."

Mama alikuja miezi minne bila kukosa. Baada ya kazi walikunywa chai, ya mama ikipoa kabla haijafika mdomoni, wakasengenya majirani. Fundi hakuwahi kuwa na mama yake muda mrefu hivyo. Enzi za uhai wake kazi ya huku mlimani ilimrudisha nyumbani hoi.

Ripoti ikatoka, darubini ikasifiwa. Majina yalikuwa kumi na moja, likiwemo la mpwa wa mkuu, ambaye hajapanda mlima hata siku moja. Kwenye ukurasa wa arobaini, katika orodha ya vifaa, fundi alikuta: "Kitu baridi, kimoja. Hali nzuri."

"Kweli asante ya punda mateke!" alisema. "Usije tena, mama."

"Na chai nikanywe wapi? Washa mashine, mwanangu, upepo umetulia."

Akawasha. Kipimo cha kwanza kiliyumba, kwenye tarakimu ya mwisho tu.

"Samahani," alisema mama. "Chukua kingine."

Cha pili kilikaa sawa. Fundi akaandika hicho.