Pumzi ya Nyuma ya Zizi

Betri za Bi Zonnie zilikuwa zikifa kabla ya alfajiri, na friji ikifa nazo, na mle frijini ndimo ilimokaa insulini yake. Ya mwezi uliopita iliharibika yote. Ndiyo maana Verlinda, fundi wa sola, alirudi tena kwa ile barabara ya vumbi jekundu, kupima nyumba inakula umeme kiasi gani ili paneli mpya zitoshe.

Walikaa mezani, kahawa na mkate wa kukaanga katikati yao. Walikuwa wa ukoo mmoja upande wa mama, kwa hiyo Verlinda alimwita bibi, na bibi akamtania apendavyo.

"Taa zipo ngapi, bibi?"

"Hii, na ya jikoni. Ya chumbani iliungua. Sijutii, kioo cha kujitazamia kiko kule."

"Televisheni je?"

"Jioni, mpira wa kikapu. Timu yangu ikipigwa naizima mapema. Andika naizima mapema."

Verlinda alijumlisha. Umeme wote huo ulikuwa mlo wa shomoro. Lakini mita aliyoiacha kwenye betri safari iliyopita ilisema nyumba hii inakula kama ng'ombe.

"Bibi, kuna kitu hujanitajia."

"Kwani wewe fundi au polisi?" Bi Zonnie alicheka kwa mdomo tu. Macho yalikwenda dirishani, yakarudi haraka kama mkono uliogusa sufuria ya moto.

Verlinda alitoka nje. Nyuma ya zizi la kondoo ilikuwapo hogani, nyumba ya magogo ya duara, mlango umepigiliwa mbao, ukuta wa kaskazini umetobolewa. Mtoto yeyote wa kwao anajua maana yake: humo amefia mtu, haingiwi, wala aliyekufa hatajwi. Naye Verlinda safari iliyopita alipita hapo akitazama pembeni, asiulize, na hesabu yake ikapotea papo hapo. Sasa aliona waya ukitoka nyumbani ukienda kuzama chini ya ukuta ule.

Akasikia. Pufu. Kimya. Pufu. Kama mzee aliyelala.

Nywele zilimsimama, ingawa aliijua sauti ile. Ni mashine ya oksijeni. Jua likipanda inaamka, inavuta mpaka betri ziishe, inanyamaza, kesho inaamka tena. Tangu kifo kile hakuna aliyeingia kuizima.

Aliporudi ndani alitafuta maneno. "Ule waya wa nyuma, bibi. Unakula kuliko vingine vyote. Hata hizo paneli mpya ulizotengewa haziwezi kulisha friji na huo waya. Ni kimoja tu."

Bi Zonnie alikoroga kahawa isiyo na sukari.

"Nilijua," alisema. "Wanangu waliisikia, hawalali hapa tena."

"Wewe huogopi?"

"Naogopa sana. Lakini ikichelewa kuanza, naogopa zaidi." Akaweka kijiko chini. "Lazima mtu aingie?"

"Hapana. Swichi yake iko hapa ukutani."

Bi Zonnie aliitazama ile swichi, ndogo kama kucha.

"Basi subiri nitoe kondoo. Nikishavuka kilima, ndipo uizime. Sitaki kusikia pumzi ikikatika. Ile ya kwanza niliisikia."

Verlinda alingoja mpaka vumbi la kondoo likashuka upande wa pili. Akabonyeza.

Pumzi ilikatika katikati. Kisha kutoka hoganini kikaja kilio, chembamba, kirefu, kisichopumua. Mashine ilikuwa na kibetri chake cha ndani, cha kupiga king'ora umeme ukikatika ghafla, kuwaita watu kwa mgonjwa; usiku umeme ulififia polepole, nacho hakikuamka. Hicho Verlinda hakukihesabu.

Alitazama kilimani. Upepo ulikuwa unatoka kule kuja huku, labda kilio hakikufika. Gari lilikuwa karibu, na funguo zilikuwa mfukoni. Lakini kitu kilikuwa kinaita watu, na mtu aliyekuwapo ni yeye. Alisimama uani, uso ameugeuza pembeni kama inavyopasa, akaisubiri ile mashine ilie mpaka iishe.