Homa ya Mashimba

Method Bujiku alikuwa fundi, hilo halina ubishi. Hata wasiompenda walikiri kwamba kompyuta ikigoma Bariadi, yeye ndiye wa kuitwa. Lakini ufundi ni kitu kimoja na moyo ni kitu kingine. Kilichoharibika katika habari hii hakikuwa kompyuta, kwa sababu kompyuta zilitengenezwa kwa siku mbili tu.

Alifanya kazi katika Shirika la Mapambazuko, lililokuwa likipokea kompyuta zilizokwisha kutumika maofisini, likazifuta, likaziwekea mfumo mpya na kuzigawa kwenye shule za sekondari. Mafundi walikuwa wawili, yeye na Mashimba. Walianza kazi siku moja, walikula sahani moja, na ofisini waliitwa mapacha, ingawa Method ni mtu wa Nassa, mrefu, msemaji, na Mashimba ni wa Zagayu, mfupi, mkimya, asiyejua kujisifu hata ukimlazimisha.

Ofisi ile ilikuwa na desturi yake. Kila asubuhi, kabla ya chai, aliyevuruga kitu jana yake anasema mbele ya wote, ananunua vitumbua, wanamcheka, yanaisha. Mama Wilhelmina, mkurugenzi, ndiye aliyeianzisha, na yeye mwenyewe alishanunua vitumbua mara mbili. Method alishanunua mara nyingi mno. Kusema kosa lake halikuwa jambo geni kwake, na ndiyo maana mpaka leo hajielewi.

Sasa sikiliza shida ya kazi yao. Kompyuta za msaada haziji za aina moja. Mwaka ule zilikuja mia mbili na kumi na mbili, za aina kumi na nne. Ukisema uzishughulikie moja moja, utazeeka. Kwa hiyo unazichomeka waya wa mtandao, unaziwasha, na seva moja inazigawia mfumo ishirini kwa mpigo, wewe umekaa. Balaa liko kwenye draiva, vile viprogramu vinavyoiwezesha kompyuta kuvitambua viungo vyake: kioo, sauti, kadi ya mtandao. Kila aina ina za kwake. Ukiipa za jirani huenda ikazipokea vizuri tu, ikakaa na wewe wiki nzima kwa amani, halafu siku ya wageni ikakuumbua.

Draiva alizishika Mashimba. Kila aina aliitengenezea folda yake, akaandika kanuni kwenye seva: kompyuta ikiwaka inataja aina yake, inapewa folda yake, haichukui ya mwenzake. Isiyojulikana, kazi inasimama, na kwenye kioo yanatokea maneno, "Huyu simjui. Mwiteni Mashimba."

Walimtania wee! "Unachunga kompyuta kama ng'ombe wa mzee wako," Method alimwambia.

"Ng'ombe wa mzee hajawahi kupotea hata mmoja, kaka," Mashimba akajibu, akaendelea na kazi.

Zikabaki kompyuta arobaini za mwisho, za kupelekwa shule moja huko Kasoli. Uzinduzi ulikuwa baada ya siku tatu, wageni wameshaalikwa, wafadhili wako njiani. Na wiki hiyohiyo malaria ikampiga Mashimba. Alikuja kazini akitetemeka, akaketi mbele ya seva, akafanya hiki na kile, mpaka saa nne Mama Wilhelmina akamfukuza aende zahanati. Akaondoka amejitanda koti kwenye jua kali. Seva akaiacha wazi, kwa jina lake na nywila yake. Aifunge ya nini, na anayebaki ni Method?

Method akazipanga zile arobaini, akaziwasha. Zote zikaandika, "Huyu simjui. Mwiteni Mashimba."

Alijua la kufanya. Afungue mojawapo, asome namba ya kadi ya mtandao, atafute draiva yake, atengeneze folda ya kumi na nne, ajaribu kwanza. Ilikuwa kazi ya siku nzima, na mtandao siku hiyo ulikuwa unajikongoja. Angeweza pia kupiga simu zahanati, amuulize mwenzake. Alijiambia hataki kumsumbua mgonjwa. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza, na alijidanganya mwenyewe. Kweli yenyewe ni kwamba lilimkera lile neno. Arobaini nzima zimemkodolea macho zikimwambia amwite Mashimba, yeye, Method Bujiku!

Akavuta kiti cha Mashimba, akakaa. Akaifuta kanuni. Akaandika nyingine: isiyojulikana itafute kwenye folda zote, ichukue inayoelekea kuifaa. Akabonyeza. Baada ya saa mbili arobaini zote zilikuwa zimewaka, zinang'aa, moja inapiga muziki. Akazijaribu moja moja, safi kabisa. Akatoka nje anapiga mluzi.

Kesho yake wakati wa chai hakusema kitu. Aseme nini? Vitumbua ni vya aliyeharibu, na yeye alikuwa ameokoa jahazi. Alikusudia kumwambia Mashimba akirudi. Mashimba akarudi siku ya tatu, amekonda, macho ya njano, na gari la Kasoli lilikuwa linapakiwa. Shughuli zikawa nyingi, neno likapita.

Kule Kasoli walimu walifunga vitambaa, kwaya ikaimba, mwenyekiti wa kijiji akahutubia mpaka watu wakapiga miayo. Kisha wanafunzi arobaini wakaketi, wakaambiwa wote kwa pamoja wafungue mtihani wa mazoezi kwenye mtandao. Hapo ndipo zile kadi, zilizojaribiwa moja moja tu, zilipoelemewa pamoja na draiva za kuazima. Kioo cha kwanza kikawa bluu, kompyuta ikaganda. Cha pili. Kabla mfadhili hajapata picha yake, vioo thelathini na nane vilikuwa vya bluu, na msichana mmoja wa mbele alikuwa analia, anadhani yeye ndiye aliyeziharibu zote. Jamani, aibu ile! Mama Wilhelmina alisimama katikati ya chumba akashindwa hata kukaa.

Waliporudi, aliita kikao. Hakikuwa cha vitumbua. Wafadhili walitaka maelezo ya maandishi, yenye jina. Akafungua kumbukumbu za seva, akasoma kwa sauti yaliyoandikwa: siku bila saa, kanuni iliyofutwa, kanuni iliyoandikwa, na jina la aliyefanya. Mashimba.

Mashimba alikunja uso. "Mama, sikumbuki kufanya hivyo. Hiyo kanuni siwezi kuifuta mimi."

"Siku hiyo ulikuja kazini?"

"Nilikuja."

"Ulikaa kwenye seva?"

"Nilikaa, mama. Lakini..." Akamgeukia Method. Hakumgeukia kwa kumshuku, la hasha. Alimgeukia kama mtu anayemwomba ndugu yake amkumbushe. "Kaka, uliniona?"

Method alikuwa na nafasi pale. Neno moja tu lilitosha. Angekaripiwa, pengine angesimamishwa, lakini cheo cha mkuu wa mafundi kilikuwa kinajadiliwa mwezi ule, naye alikuwa anakitaka. Kisha akasema jambo baya kuliko kunyamaza, na akalisema kwa upole, akiwa ameweka mkono begani kwa mwenzake.

"Labda ni ile homa, ndugu yangu. Ulikuwa hujijui siku ile."

Mashimba akamtazama. Akatazama mikono yake mwenyewe. "Inawezekana," akasema.

Mkataba wake haukuongezwa. Method akapewa cheo, na jambo la kwanza alilofanya kama mkuu ni kuirudisha kanuni ya Mashimba neno kwa neno, isipokuwa lile jina. Zile arobaini akazitengenezea folda yao, akazirudisha Kasoli, zikafanya kazi bila kukohoa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye hakuumbuliwa na mtu. Alipanda daraja, akapongezwa, akawa anapita mlango wa nyuma ili asikione kile kiti.

Ikapita miaka miwili, na katika muda huo alikanyaga Zagayu mara moja tu, kwenye msiba wa mzee wa Mashimba. Siku moja, msimu wa kuuza pamba, akakutana na Specioza, mke wa Mashimba, kwenye foleni ya benki pale Bariadi mjini. Wakasalimiana, mhola, mhola duhu. Akamuuliza habari za mwenzake.

"Yupo, analima," Specioza akasema. "Kuna shule Maswa walimwita akawafundishe kompyuta. Akakataa, shemeji. Hata simu yangu ikigoma haigusi. Anasema kichwa chake si cha kuamini tena. Anasema kama niliweza kufanya lile nisikumbuke, kesho nitafanya nini?" Akasogea na foleni. "Wewe ulikuwa rafiki yake. Hebu njoo uongee naye."

Method hakufika hata dirishani. Alitoka kwenye foleni akaenda kukaa kwenye ngazi, watu wanampita. Siku zote alikuwa akijiambia kwamba Mashimba amepoteza kazi tu, na kazi hupatikana. Kumbe alimwachia na kichwa ambacho mwenyewe hakiamini.

Jumamosi akapanda bodaboda mpaka Zagayu. Alifika saa tisa alasiri, akamkuta Mashimba uani anachambua mbegu, mama yake, Mayu Minza, ameketi kwenye kigoda anakata viazi vya kukausha michembe. "Mwadila, mayu," Method akasalimia, na bibi akaitika kwa furaha, akamwita mwanangu, akataka kujua watu wa Nassa wazima.

Mashimba alimkaribisha kwa mikono miwili. Akamtolea kiti, akaketi mbele yake. Na kabla Method hajafungua mdomo, akasema, "Afadhali umekuja, kaka. Nina deni la maneno. Nilikutia aibu kule Kasoli, wewe na Mama Wilhelmina. Nimejaribu kukumbuka mpaka nimechoka. Sikumbuki. Lakini nilifanya, na sijawahi kukuomba radhi. Nisamehe."

Loo! Njia nzima kwenye bodaboda Method alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa fimbo. Hakujiandaa kuombwa radhi. Ilimjia, na hili anakiri mwenyewe, kwamba angeweza kusema, "Yameisha, ndugu yangu," akanywa maji, akaondoka mtu mwema. Sentensi ilikuwa tayari kinywani.

"Hukuwa wewe," akasema. "Ni mimi. Ulikuwa zahanati. Uliacha seva wazi, nikakaa, nikafuta kanuni yako. Nilijua tangu siku ile ya kikao. Homa niliitaja mimi makusudi."

Mashimba hakusimama wala hakupaza sauti. Mbegu alizokuwa nazo mkononi aliziweka chini taratibu.

"Kwa hiyo sikuwa mimi," akasema.

"Hukuwa wewe."

"Sema tena."

Method akasema tena. Mashimba akainamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika, na Method hakuweza kujua kama analia au anacheka. Alipoinua uso, yote mawili yalikuwepo. "Specioza!" akaita. "Njoo usikie! Mwambie na yeye, kaka. Mwambie kama ulivyoniambia." Specioza akaja na mikono yenye unga, akasikiliza mpaka mwisho, akarudi ndani kwenye unga wake.

"Na mama," Mashimba akasema. "Mama alikaa mwaka mzima anakwenda kwa waganga kuuliza nani alimloga mwanawe. Mwambie."

Mayu Minza Kiswahili alikisikia kwa shida, na kompyuta alikuwa hajawahi kuigusa. Method akageukia Kisukuma, lugha ya mama yake mwenyewe. Akaanza, akakwama. Draiva utasemaje kwa Kisukuma? Seva je, kanuni, kumbukumbu, nywila? Maneno yote ya ofisini aliyokuwa amejificha nyuma yake kwa miaka miwili yalikataa kumfuata. Akatafuta, akafuta jasho, na yaliyobaki yalikuwa machache.

"Mayu," akasema. "Niliharibu kazi. Nikasema aliyeharibu ni mwanao."

Bibi akaacha kukata viazi. Akamtazama kwa muda mrefu, si kwa hasira, bali kama mtu anayerudi nyuma siku kwa siku kuhesabu kitu. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ulipokuja kumzika baba yake, ukalala hapa siku tatu, ukala kwangu, nikakuita mwanangu. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mayu."