Waliokuja na Kiu

Peres alikuwa anakoroga uji wa wimbi, na mjukuu wake Valary ameketi kwenye kigoda akigonga bomba la sindano kwa ukucha ili viputo vya hewa vipande juu. Chupa ya insulini ilikuwa inakaa kwenye chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, na katikati mchanga uliomwagiwa maji asubuhi na jioni, maana ile nyumba, nje kidogo ya Sori, haikuwa na friji. Valary alikuwa na miaka kumi na minne. Tangu atoke kulazwa Homa Bay hakutaka kusaidiwa chochote, hata na bibi yake, aliyemwita Dani kwa Kijaluo.

"Dani, usinishikie shati. Nina mikono miwili."

"Mgonjwa anasaidiwa."

"Mgonjwa hayuko hapa. Kuna mtu anajidunga sindano kabla ya uji, basi."

Akajidunga tumboni, akangoja kidogo kama alivyofundishwa, akachomoa. Ndipo mtu akapiga hodi.

Mlangoni alisimama msichana mwembamba kama ufito, miguu imejaa vumbi. Aliomba maji. Peres akampa kikombe, akampa kingine, mwishowe akamwachia mtungi. Msichana alipoushusha ule mtungi ukiwa mtupu, Peres akamtambua. Alikuwa dada yake mkubwa, Amondi, aliyekufa kule kwao Kosele wakati Peres bado yuko darasa la pili.

"Umetembea toka Kosele?"

"Nimepitia Rangwe. Kule nilimaliza kisima cha watu, wakanifukuza."

"Ingia. Valary, salimia Dani yako."

Valary akamsalimia kwa heshima, ingawa Dani huyo alimfika begani.

Amondi alikuwa amekufa kwa kukonda. Wakati huo watu walisema ni chira, ule ugonjwa unaomla mtu kwa sababu yeye au wazazi wake wamevunja mwiko. Kwa vile alikuwa anakojoa sana, walimnyima maji. Alipokufa walimzika nje ya ua na hakuna aliyepiga mayowe. Valary alilijua hilo neno. Maurice, shemeji yake Peres, alikuwa amelisema juu ya Valary pia, na akaahidi kuleta kondoo na manyasi, zile dawa za miti za kusafisha mwiko.

"Lete kidole, Dani," Valary akamwambia Amondi.

Akakitoboa. Damu ilichelewa, kisha ikatoka. Mashine ya kupima sukari ilikataa kuonyesha namba, kama inavyokataa sukari ikizidi kabisa.

"Hii si chira. Ni sukari tu. Kama yangu."

Amondi alikitazama kidole chake. "Na hakuna mtu aliniambia," akasema.

Peres aliinua chupa akaiangalia kwenye mwanga. Dawa iliyobaki ilikuwa ya kumfikisha Valary siku yake ya kliniki, na si zaidi.

"Valary, hii ni yako. Huyu ameshakufa."

"Na bado ana kiu." Valary akafungua sindano mpya.

Baada ya uji Amondi hakuomba maji tena. Alilala kwenye mkeka mpaka Maurice alipofika akivuta kondoo kwa kamba. Maurice alimsalimia, akauliza habari za Kosele, halafu akamgeukia Peres.

"Shemeji, kondoo huyu ni wa kusafisha boma. Chira haisikii sindano."

Amondi akamtazama kondoo. "Wangu pia walimchinja," akasema. "Nyama ilinukia vizuri sana. Mimi nilikuwa naomba maji."

Maurice alikohoa, akasema jua limekuwa kali, akarudi na kondoo wake.

Asubuhi iliyofuata walikuta uani kumejaa. Amondi alikuwa amewaambia wenzake. Kulikuwa na mvulana wa Rangwe aliyeangukia malishoni. Kulikuwa na Nyangi, bibi harusi kutoka Kuria, ambaye ng'ombe wa mahari yake walirudishwa kabla hajazikwa. Kulikuwa na mapacha waliokufa mmoja baada ya mwingine, na mama yao akafukuzwa kwa uchawi. Kila mmoja alikuja na kikombe chake. Wote walikuwa wamekonda kwa namna moja, kama nguo zilizofuliwa sana.

Peres alisema mara moja tu kwamba chupa itaisha.

"Hata wasingekuja ingeisha," Valary akajibu. "Na dispensari ni ileile."

Akawadunga wote, kila mtu na sindano yake, mpaka chupa ikabaki kioo. Peres akafunga leso kiunoni.

"Haya, nyoosheni nguo. Twende tukaulize dawa."

Kwenye dispensari nesi Dorine aliwapanga kwenye benchi la veranda, akaenda kufungua friji. Mlikuwa na barafu na chakula cha mkubwa wake.

"Hakuna, mama. Tuliagiza, haijaletwa. Rudini Jumatatu."

"Jumatatu gani?"

"Hata mimi nauliza hivyo."

Bonface, karani, aliandika majina kwenye kompyuta, moja baada ya lingine, akatikisa kichwa. "Hawa hawako kwenye mfumo."

"Wamekufa," Peres akaeleza.

"Hiyo si shida. Kuna walio hai na hawako pia."

Mogire, mkubwa wa dispensari, akatoka ofisini akipangusa mdomo. Aliwatazama wale wa benchini. "Nyinyi mnataka nini? Si mmeshakufa?"

"Ndiyo," Amondi akasema. "Zamani kila mtu alikosa dawa peke yake, kwao. Sasa tumekuja kukosa pamoja, hapa kwako."

Wakabaki wameketi. Jua lilipopanda kiu iliwarudia, wakaanza kunywa. Walimaliza ndoo za kunawia mikono, wakamaliza tangi la mvua, wakaenda wakamaliza na tangi la nyumba ya Mogire, kisha wakarudi kila mtu mahali pake. Valary naye alikuwa anakunywa. Alienda chooni, akarudi, akaenda tena. Akasema anaona ukungu, na pumzi yake ikaanza kunukia kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Amondi alimlaza mapajani. Peres akaenda kusimama kwenye dirisha la Mogire.

"Mama, keti."

"Mama yangu aliketi, Amondi akafa. Mimi nitasimama."

"Nimekwambia hakuna dawa."

"Nimesikia. Nasimama tu. Mtoto akifia hapo kwenye benchi, hataondoka. Hawa umewaona kama wanaondoka?"

Mogire aliinua birika kupika chai, likawa jepesi. Alifungua bomba, likatoa hewa. Basi akachukua simu, akaongea kwa sauti ya chini, akaongea tena kwa sauti ya juu. Jua likishuka, pikipiki ilileta boksi dogo. Ndani mlikuwa na chupa moja yenye jina la Valary.

Dorine alimvutia dawa. Valary akanyanyua kichwa kwa shida.

"Na hawa?"

"Chupa ni ya mwenye kadi," Mogire akasema.

"Mchome, nesi," Amondi akasema. "Sisi hatuna haraka."

Valary alipona, na chupa yake ikarudi chunguni. Amondi alimkataza kuigawa tena. Wenye kiu hawakurudi nyumbani. Walibaki kwenye benchi, na mfagiaji akazoea kufagia kuzunguka miguu yao. Mogire alileta lori la maji, wakalinywa. Akaomba kasisi aje awaombee, kasisi akaja, akawaombea, na wao wakaitikia amina vizuri wakiwa wameketi. Kila Jumatatu waliuliza dawa, na kila Jumatatu Dorine aliwaonyesha barafu.

Jumatatu moja Valary alipita hapo akienda shule. Alikuwa ameshajidunga na amekunywa uji, akitafuna kipande cha muhogo. Penye mwisho wa benchi alikuta msichana amesimama, amevaa sare ya shule ya jirani, na udongo wa kwenye kola ulikuwa bado mbichi.

Bonface aliandika jina kwenye kompyuta. "Huyu yuko kwenye mfumo," akasema.

Dorine akafungua friji, akaifunga.

"Jumatatu," akasema.

Amondi akawaambia wenzake wasogee. Yule msichana akaketi, akakunja mikono, akaanza kumtazama Mogire dirishani pamoja na wengine.