Vikombe Vitupu vya Bi Mwamvita

Bi Mwamvita alizaliwa Tabora mjini, akaolewa Ipole, akahama na sheria moja ya marehemu bibi yake Tunu: chombo cha watu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea bakuli la futari, bakuli linarudi na chochote, hata chumvi. Hajawahi kuivunja sheria hiyo, na ndiyo iliyomponza.

Balaa lilikuja na gari la chuo. Daktari Nawal, binti wa mjini aliyeacha duka la vitambaa la babake akaenda kusomea wadudu, alimwajiri afukie vikombe vya plastiki ardhini: ishirini kwenye nyasi za mbuga, ishirini kwenye shamba la tumbaku ambalo miaka mitatu nyuma lilikuwa mbuga hiyohiyo. Juu ya kila kikombe, donge la mavi ya ng'ombe. Mdudu afuate harufu, atumbukie, ahesabiwe. Kila Ijumaa vikombe vipelekwe kwake.

"Yaani nimefika umri huu nije kuwaandalia dundu chakula?" aliuliza Mwamvita.

"Ndiyo, mama. Na kiwe kibichi."

Vikombe vya mbuga vilifurika dundu weusi wenye mabega ya wapagazi, nyenje, panzi, siafu wenye hasira zao. Vya tumbaku vilikuwa na mavi tu. Wiki ya kwanza alipatikana sisimizi mmoja, naye kilema. Mwamvita aliona aibu, aibu ya kweli, kumkabidhi mtoto wa watu vyombo vitupu. Akachota kwenye vya mbuga, akagawa nusu kwa nusu. Akafanya hivyo miezi mitatu, na kila Ijumaa akalala usingizi wa mcha Mungu.

Halafu ukaitishwa mkutano wa kijiji. Mwenyekiti Masolwa, aliyetaka mbuga yote ilimwe tumbaku, alisimama na karatasi.

"Daktari mwenyewe kaandika! Wadudu wa kwenye tumbaku ni sawasawa na wa kwenye nyasi. Nani tena atatutisha kwamba jembe na dawa vinaua?"

Watu wakapiga makofi. Nawal alikaa pembeni kainamisha kichwa. Matokeo yalimshangaza hata yeye.

Pembezoni mwa mbuga ile Mwamvita alikuwa na mizinga arobaini, na nyuki wake walikula maua ya humo. Mbuga ikilimwa, mizinga ingebaki kuwa kuni. Akasimama.

"Mwenyekiti, hao wadudu wa kwenye tumbaku niliwahamisha mimi."

Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko. Nawal hakucheka.

"Mama, kwa nini?"

"Sasa mwanangu, ningekurudishiaje vyombo vitupu?"

"Mnamwona?" Masolwa akang'aka. "Kaona mambo yanamwendea kombo, ndipo anatubu!"

"Basi twende shambani. Vya wiki hii sijavigusa. Chimbua kwa mkono wako."

Mkutano mzima ukahamia kwenye tumbaku. Masolwa, ndani ya suti yake ya kaki, akapiga magoti akatoa kikombe cha kwanza. Mavi. Cha pili, mavi. Kufika cha saba akaacha, mikono ikinuka.

"Mwenyekiti," akasema Gaudensia, ambaye naye alilima tumbaku, "shamba ambalo hata mavi yamekosa mteja, ndilo unataka tuliongeze?"

Watu wakacheka hadi wakakaa chini. Walipovuka kwenda mbugani, kikombe cha kwanza tu kilitoa dundu aliyempanda Masolwa mkononi mpaka kwenye kwapa, na mwenyekiti akacheza ngoma ambayo hakuna aliyempigia.

Uamuzi ukaahirishwa mpaka Nawal ahesabu upya, msimu mzima. Miezi yake mitatu ilikuwa imekwenda bure. Hakumgombeza Mwamvita hata kidogo, na hilo lilimuuma Mwamvita kuliko matusi.

Alivipanga vile vikombe ishirini vya tumbaku kapuni. Panzi alikuwa ametua ukingoni mwa kapu, mnene, wa kijani. Mkono wa Mwamvita ukamwendea wenyewe, kwa mazoea. Akaurudisha. Akampulizia panzi arudi nyasini, kisha akamfuata Nawal garini na kumkabidhi kapu kwa mikono miwili, macho chini.

"Pokea, mwanangu," alisema. "Havina kitu."