Maziwa Bila Mtoto

Mutindi aliuza nguo za watoto sokoni Emali, lakini tangu aolewe na Nyamai, miaka sita sasa, hakuwa amepata mtoto wake wa kuvisha. Kwa hiyo hedhi ilipokosekana miezi kadhaa, kisha asubuhi moja akakuta blauzi imelowa maziwa kifuani, hakungoja kupimwa. Alimwambia mumewe. Nyamai akamwambia mama yake, Syokau, na Jumapili iliyofuata Syokau akasimama kanisani kutoa shukrani. Wanawake waliimba mpaka mchungaji akaketi.

Hospitalini wakamwambia hana mimba. Walirudia kipimo, wakampiga hata picha ya tumbo, jibu likawa lile lile. Daktari Kanini, mwanamke asiyeharakisha maneno, alimuuliza kama kuna dawa anayotumia, kama kichwa humuuma, kama macho yanaona vizuri pembeni. Dawa hakuwa anatumia, na macho yalikuwa sawa. Kichwa kilimuuma mara nyingi, lakini alidhani ni jua la sokoni.

Daktari akamweleza kwamba kuna homoni inayoitwa prolaktini, inayotoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo. Ndiyo huyaamuru matiti ya mzazi yatengeneze maziwa, na ikizidi huweza kufunga hedhi.

"Mwili wako unafikiri unanyonyesha," alisema. "Tunatafuta ni nini kimeudanganya."

Damu ilipopimwa, prolaktini ilikuwa juu. Lakini siku hiyo Mutindi alikuwa amelia njia nzima, na daktari alisema hofu peke yake huweza kuipandisha kiasi, basi wasiamini kipimo kimoja. Alimtaka arudi asubuhi nyingine, akiwa ameamka mapema, kisha apumzike kabla ya kutolewa damu.

Asubuhi hiyo Syokau aliamua kumsindikiza. Mutindi hakuwa amemweleza mtu yeyote nyumbani ukweli; alikuwa amesema tu kwamba anaenda kliniki, na mama mkwe akajifunga leso akamfuata, akidhani anaenda kusikia habari za mjukuu. Mhudumu wa maabara aliwaonyesha benchi, akasema Mutindi akae hapo atulie, ataitwa. Hapakuwa na la kufanya ila kukaa. Syokau alianza kutaja majina ya watoto. Mutindi akaona asiposema sasa hatasema tena.

"Mwaitu, mama yangu, hakuna mtoto," alisema. "Maziwa haya ni ugonjwa."

Syokau aligeuka akamtazama. Mutindi akamweleza habari za ile homoni kama alivyoielewa, akakiri kwamba alitangaza mimba kabla ya kupimwa, na kwamba hakujua angeanzia wapi kumweleza mama aliyekwisha kushukuru mbele ya watu.

"Unaua, ugonjwa huo?" Syokau aliuliza.

"Sijui. Ndiyo maana wanapima tena."

Mama mkwe akamshika mkono, akauweka kwenye mapaja yake. "Basi tulia," alisema. "Umeambiwa utulie."

Wakakaa hivyo mpaka jina la Mutindi likaitwa.

Prolaktini bado ilikuwa juu, tena juu mno hata machozi hayangeweza kusingiziwa. Picha ya kichwa, iliyopigwa Machakos, ilionyesha uvimbe kwenye ile tezi, mdogo kuliko punje ya ndengu. Haukuwa saratani, daktari alisema, na wengi hawahitaji kupasuliwa. Kulikuwa na vidonge vya kumeza mara mbili kwa wiki, vya kuishusha homoni na kuusinyaza uvimbe.

Nyamai alipoelezwa yote nyumbani alitoka nje, akasimama uani kwa muda, kisha akarudi akauliza vidonge vinamezwa siku zipi ili amkumbushe. Kanisani Syokau alisimama tena. Alisema walishukuru mapema, mkaza mwanawe ni mgonjwa na anatibiwa, wamwombee. Aliketi, na hakuna aliyemuuliza zaidi.

Maziwa yalikauka polepole. Maumivu ya kichwa yalipungua, na kipimo kilichofuata kilionyesha prolaktini imeshuka mpaka pale inapostahili. Hedhi iliporudi, Mutindi alilia, safari hii kwa faraja.

Daktari Kanini alisema sasa mimba inawezekana, ila hakuahidi kitu, na alimtaka asiache dawa bila kumwona. Jioni, wakila, Nyamai alitaka kujua mimba itakuja lini. Mutindi akamwambia hajui, na wakaendelea kula.