Chupa Aliyoikagua Madeha

Madeha alimkumbatia bintiye wa miezi tisa, hataki kumwachia mtu. Shemeji yake alikuwa amemtumia sauti kwenye simu, ikidai chanjo ya surua huwaharibia wasichana uzazi.

"Nionyeshe chupa kwanza," alimwambia nesi Germana pale zahanati.

"Baba Gladness, unakagua kama mnunua ng'ombe!"

"Ng'ombe wangu hachomwi sindano kabla sijaiona chupa. Sembuse mwanangu?"

Nesi hakununa. Alimsogezea chupa. "Tazama kimraba hiki ndani ya duara. Kikiwa cheupe kuliko duara, joto halijaiharibu. Kikikolea rangi kufikia duara, naitupa."

Madeha alikodoa macho. Kilikuwa cheupe. "Na uzazi? Kuna sauti nimetumiwa kwenye simu, inasema chanjo huuharibu."

"Hauguswi. Anaweza kupata homa baada ya wiki moja hivi, hilo sikufichi. Mimi mwenyewe nilichanjwa, na nina wanne. Huyo wa kwenye simu ni nani?"

Madeha alimpigia shemeji palepale. Shemeji hakumjua mwenye sauti ile, naye alitumiwa na mtu aliyetumiwa.

"Kumbe hana jina wala zizi," Madeha alinung'unika, akapandisha mkono wa gauni la mtoto. "Mchome. Lakini macho yangu hayabanduki kwenye hiyo chupa mpaka umalize."